Mafuta ya makonyo yanazama chini ya chupa

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanazama chini ya chupa ya kupulizia hata ukitikisa. Ni mazito kuliko maji, na hayayeyuki humo. Sabuni si dawa yake: maji yetu ya visima yana chokaa, na sabuni ikikutana na chokaa hufanya utando mweupe.

Tafuta PEG-40 ya mafuta ya nyonyo yaliyotiwa hidrojeni (PEG-40 hydrogenated castor oil), kitu cha kuyashikanisha mafuta na maji. Haina chaji ya umeme, basi chokaa haina pa kuishika. Inafanana na samli iliyoganda; zamisha chupa yake kwenye maji moto mpaka ilainike.

Kwa mililita 100 za maji ya kupulizia pima mafuta gramu 0.5, PEG-40 gramu 2. Changanya hivyo viwili peke yake kwanza, mpaka huoni tena michirizi. Ndipo utie maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Wengi huharibu hapa hapa: hutia maji kwanza, mafuta yakajikusanya, na hayashikiki tena. Ikibaki na ukungu kama maji ya mchele, tengeneza upya kwa gramu 3 za PEG-40.

Na kihifadhi usikiache, maana maji huota vijidudu. Ila parabeni, aina moja ya vihifadhi, hupungua nguvu mbele ya PEG-40, chagua kingine.

Viwandani jamaa za PEG-40 hutumika kuchanganyia viuatilifu vya mafuta na maji, na kwenye vipoza vya kukatia chuma.