Maswali ya Wasomaji: Feni kwenye Jiko la Shira ya Mepo

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na sasa ninaishi Vermont, Marekani, ambako mimi na mke wangu tumejifunza kwa majirani kugema utomvu wa miti ya mepo (kwa Kiingereza "maple") na kuuchemsha hadi uwe shira. Jiko letu nimelitengeneza mwenyewe kwa tangi kuukuu la mafuta ya kupashia nyumba joto, na juu yake nimeweka sinia bapa la chuma kisichoshika kutu, lenye upana wa futi 2 na urefu wa futi 4. Mwezi Machi uliopita, lita 150 za utomvu zilikuwa zikituchukua muda wa saa 8, na mara nyingi tulilala usiku wa manane. Jirani alinipa feni iliyofunguliwa kwenye mtambo wa joto la nyumba, akanishauri niielekeze chini ya chanja, yaani wavu wa chuma unaobeba kuni. Siku niliyoijaribu moto ulinguruma, bomba la moshi likawa jekundu, rundo la kuni likaisha mapema, lakini utomvu haukupungua kwa kasi niliyoitarajia. Na nilipofungua mlango, ndimi za moto zilinitokea zikaniunguza mkono. Nimekosea wapi, na je, niendelee na feni au niiache?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa mkono. Feni inafaa kwenye jiko kama lako, ila hiyo uliyopewa ni kubwa kupita kiasi, inapuliza mahali pamoja tu, na imetangulia kazi nyingine ambazo zingekupa faida kubwa kuliko yenyewe.

Tuanze na hesabu. Utomvu wa mepo huwa na sukari asilimia 2 hivi, kwa hiyo lita 150 hukuachia takriban lita tatu na nusu za shira, na zilizobaki zote lazima ziondoke kama mvuke. Wachemshaji wa huko hukadiria kwamba sinia bapa hutoa mvuke wa galoni moja (lita 3.8 hivi) kwa saa kwa kila futi moja ya mraba. Sinia lako lina futi za mraba 8, yaani lingeweza kukausha karibu lita 30 kwa saa, nawe unapata lita 18 au 19 tu. Kwa maneno mengine, jiko lako halijafikia hata kiwango ambacho majiko yasiyo na feni hukifikia, na jiko lenye kasoro likiongezewa upepo hupoteza joto kwa kasi zaidi.

Kasoro ya kwanza ninayoishuku ni nafasi iliyo nyuma ya chumba cha moto. Ukilikata tangi na kuweka sinia juu bila kujaza chochote ndani, moto hupita chini kabisa, mbali na sinia, ukaelekea moja kwa moja kwenye bomba la moshi. Jenga ukuta mfupi wa matofali ya kuhimili moto nyuma ya chanja, kisha jaza mchanga mkavu nyuma yake uinuke kama mteremko, mpaka pabaki sentimita 5 hivi kati ya mchanga na sinia, ili ndimi za moto zilazimike kulamba chuma kwa urefu wake wote. Ubavuni mwa chumba cha moto weka kwanza blanketi la seramiki (kitambaa kinene cha nyuzi zinazohimili moto), halafu matofali. Bati la tangi ni jembamba, na likipulizwa na feni bila kinga litapinda na kutoboka. Unapolikata blanketi hilo vaa barakoa, kwa maana vumbi lake halifai kuingia mapafuni.

Kasoro ya pili ni kuni, na hapa sina haja ya kukuona ili nijue, kwa sababu karibu kila anayelalamikia jiko lake ana kuni mbichi. Chukua kipande kimoja, kiweke motoni, utazame ncha yake: ukiona povu linachuruzika na kusikia mlio wa kufoka, ujue sehemu ya moto wako inachemsha maji yaliyo ndani ya kuni badala ya yaliyo siniani. Pasua kuni za msimu ujao sasa hivi, ziwe na unene wa kifundo cha mkono, uzipange penye upepo chini ya paa. Aliyewahi kusimama kwenye kiwanda kidogo cha sukari guru huko Kakamega atakumbuka yule kijana anayekaa mdomoni mwa tanuri akitia makapi makavu ya miwa kidogo kidogo bila kupumzika, huku karai likitokota vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe nawe ongeza vipande vichache kila baada ya dakika 7 hadi 10, badala ya kujaza jiko kisha kungoja.

Sasa tuje kwenye feni yenyewe. Kukausha lita 30 za utomvu baridi kwa saa kunahitaji joto la takriban megajuli 80. Tukichukulia kwamba theluthi moja tu ya joto la kuni ndiyo inayoingia siniani, utachoma karibu kilo 15 kwa saa. Kilo moja ya kuni kavu huhitaji takriban mita za ujazo 4 hadi 5 za hewa ili iungue yote, na hata ukiongeza maradufu kwa tahadhari, feni ya mita za ujazo 150 kwa saa inakutosha. Feni za kusambaza joto la nyumba hutoa mara kumi ya kiasi hicho. Hewa yote iliyozidi iliingia jikoni ikiwa na baridi ya Machi, ikapashwa moto kwa kuni zako, ikatoka juu na joto lako. Tafuta feni ndogo ya umbo la konokono, ile ambayo mafundi huiita blowa. Ya mapanga ya mezani haina nguvu ya kusukuma hewa ikapenya majivu na makaa. Kwenye mdomo wake wa kuvutia hewa weka kilango cha bati kinachoteleza, ili upunguze au uongeze upepo kwa mkono.

Usielekeze hewa yote chini ya chanja. Mhunzi anapovukuta mivukuto hutaka joto likusanyike mahali padogo kwenye chuma, lakini wewe unataka moto mpana. Zaidi ya nusu ya joto la kuni limo katika gesi zinazotoka zinapopata moto, na gesi hizo zisipokutana na hewa juu ya makaa huenda zake kama moshi mweusi au huungulia ndani ya bomba la moshi, mahali pasipo na faida kwako. Kwa hiyo igawe hewa: kiasi kidogo chini, na sehemu kubwa ipite kwenye bomba la chuma lenye matundu madogo, juu kidogo ya kuni, likielekea chini upande wa moto. Majiko ya kisasa ya kuchemshia mepo yamejengwa hivyo. Ukiona bomba la moshi halitoi moshi, utomvu unatokota pande zote za sinia, na bomba halijageuka rangi, acha kilango hapo hapo, hata kama moto haungurumi.

Kuhusu mkono wako: zima feni kabla ya kufungua mlango, kila mara. Bora zaidi ni kufunga swichi kwenye mlango wenyewe, ukifunguka umeme ukatike. Feni hufanya shinikizo la ndani ya jiko lizidi la nje, kwa hiyo moshi hutafuta kila ufa. Ziba kati ya sinia na tangi kwa kamba ya seramiki, na kama unachemshia ndani ya banda, acha tundu la mvuke darini na utundike king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mlango wa majivu usiuzibe kabisa: umeme ukikatika, utaufungua na moto utaendelea kuvuta hewa wenyewe.

SWALI: Je, kuchemsha haraka kwa feni kunaharibu rangi ya shira? Msomaji, Ontario, Kanada.

JIBU: Kinyume chake. Utomvu unaokaa siniani kwa muda mrefu ndio unaokuwa mweusi zaidi, hivyo kasi husaidia. Hatari iko mwishoni, kwa sababu shira huiva joto lake likizidi la maji yanayochemka kwa nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na kwenye moto wa feni nyuzi ya mwisho huja ghafla. Utomvu usishuke chini ya sentimita 3 siniani, ndoo ya utomvu iwe karibu na mguu wako, na feni uizime nusu saa kabla ya kumaliza; makaa yaliyobaki yatatosha, nawe utamalizia shira ndani ya nyumba kwenye sufuria.