Uliza Mzee Fundi: Epoksi iliyogoma kukauka

*Shikamoo, mzee. Mimi ni seremala hapa Igoma, Mwanza. Nimetengeneza meza ya mkongo, katikati nikamwaga epoksi ya buluu (ile plastiki ya maji inayoganda) ifanane na ziwa. Kopo linasema resini, yaani epoksi yenyewe, 2 kwa hadena, ile ya kuigandisha, 1. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, nikazidisha hadena kidogo ili iwahi kukauka. Wiki imepita sasa: ukiweka kiganja inanata, na upande mmoja kucha inazama. Nipake hadena juu, au niianike juani? Mteja keshalipa nusu.*

Marahaba, mwanangu. Usipake, wala usianike. Jua litakuletea vumbi na inzi wa kunasa tu.

Hiyo ya kuzidisha hadena naijua inakotoka. Umeiokota kwa mafundi wa boti za faibaglasi. Wengi wao hutumia resini ya aina nyingine, poliesta, na kile kichupa chao ni kichochezi: hutiwa asilimia 1 au 2 tu, na siku ya baridi ukisogeza kidogo ndani ya mpaka huo, inashika mapema. Epoksi haina tabia hiyo. Hadena yake inaingia kwenye plastiki yenyewe. Chukua bolti na nati: nati zikizidi bolti, zinazobaki hazifungi kitu. Ndizo hizo zinazokunata kiganjani, na hata ungoje hadi Krismasi hazitakauka.

Na huo upande laini, nadhani ndiko ulikomalizia kopo. Ulikwangua kuta kwa kijiti, ukamimina mabaki ambayo hayakuchanganyika. Safari nyingine koroga taratibu dakika 3 au zaidi, pitisha kijiti ukutani na chini, kisha hamishia kwenye kopo safi ukoroge tena. Yaliyoganda ukutani yaache huko huko, hasara yake ni ndogo.

Tena, ulipimaje? Kama ni kwa mizani ya duka, huenda kosa lilianzia hapo. Soma vizuri kama hiyo 2 kwa 1 ni ya ujazo au ya uzito. Lita ya resini ina kama kilo 1.1 na ushei, hadena kwa kawaida ni nyepesi zaidi. Kipimo cha ujazo ukikipeleka kwenye mizani, umezidisha hadena bila kujua, hata kabla ya ile uliyoongeza kwa makusudi.

Sasa meza. Vaa glavu, maana hadena mbichi ikiizoea ngozi inaweza kukuletea mzio wa kudumu. Panapozama kucha, toa yote kwa patasi au kisu cha puti, ukiipasha kidogo kwa mashine ya hewa ya moto ili ilegee. Zima mashine, iweke mbali, acha papoe, ndipo ufute kwa asetoni. Badilisha kitambaa kila kikichafuka, la sivyo unahamisha uchafu tu. Palipo pagumu chini na pananata juu, ondoa utando huo, piga msasa namba 80, kisha mwaga epoksi mpya yenye kipimo sahihi. Usiifunike mbichi kwa tabaka jipya ukitumaini litaiponya. Mteja mwombe muda. Atanuna, lakini ni nafuu kuliko sahani zake kushikana na meza.

Kipimo kingekuwa sawa na tatizo ni baridi tu, ningekwambia usubiri. Joto likipungua kwa nyuzi 10, muda wa kushika unakaribia kuwa mara mbili, na Juni na Julai usiku wa Mwanza unashuka chini ya nyuzi 20.

*Mzee, nimepaka epoksi mtumbwi wangu jioni, huku Kirumba karibu na maji. Asubuhi nimekuta imekuwa ngumu, ila juu ina utando mweupe wenye utelezi. Nikwangue yote?*

Usikwangue, yako imekauka. Unyevu wa ziwani na kabonidayoksaidi ya hewani vimekutana na hadena juu ya uso kabla haijashika. Utando huo unatoka kwa maji: osha kwa maji ya vuguvugu na sponji, kausha, ndipo upige msasa. Ukitanguliza msasa unausukumia kwenye mikwaruzo, na rangi utakayopaka juu itabanduka. Tabaka linalofuata paka asubuhi umande ukishakauka, liwe limeshika kabla ya jioni.