Anayetoa kazi ndiye aipokee

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, mkondo wa amali katika sekondari utawapa vijana wetu kazi, au utawapa cheti kingine tu?" Naomba kujibu kwa urefu kidogo. Jambo hili limenikaa rohoni tangu nikiwa mwanafunzi, na leo nina karakana ya kuchomelea hapa Morogoro ambayo kila mwaka hupokea vijana wa shule na vyuo.

Jibu langu ni kwamba amali, yaani kusomea fani kama uchomeleaji au kilimo, itawapa vijana kazi pale tu anayetoa kazi atakapoingia shuleni mapema, akaleta kazi ya kweli, kisha akabaki kuipokea mwenyewe na kusema imefaa au haikufaa. Akija mwishoni kupiga muhuri, mtapata cheti kingine.

Nilisoma shule ya ufundi ya serikali miaka ya 1990. Karakana yetu ilikuwa na mashine tatu za kukereza chuma. Mbili zilifunikwa turubai tangu kabla hatujafika, na ya tatu haikuwa na mkanda. Mwalimu wetu, mtu mwenye moyo sana, aliichora ubaoni kwa chaki za rangi, kila sehemu na jina lake, nasi tukaikariri. Kwenye mtihani nilipata alama nzuri kwa kutaja sehemu za mchoro. Siku ya kwanza niliposimama mbele ya mashine ya kukereza inayozunguka, kwenye gereji ya mtu, nilikuwa na miaka 22 na mikono ilinitetemeka. Ufundi ninaolia ugali leo niliupata pale, kwa kukaa kwa fundi miaka minne bila mshahara wa kueleweka. Cheti kinachosema mimi ni mchomeleaji nilikipata baadaye sana, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walipotupima sisi tuliojifunzia mtaani.

Kwa hiyo niliposikia habari za amali nilifurahi, na bado ninaunga mkono. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Wanafunzi wa kwanza wa amali waliingia kidato cha kwanza Januari 2024 katika shule chache, na sera yenyewe ikazinduliwa Dodoma Februari 2025. Kijana wa amali husoma masomo ya kawaida pamoja na fani aliyochagua, iwe umeme, ujenzi, uchomeleaji, ushonaji, mapishi au kilimo. Sina ugomvi na hilo. Wasiwasi wangu uko kwenye kile kinachotokea kijana anapotoka getini mwa shule kuja kwetu.

Nawaeleza nilichokiona kwa miaka mingi. Kijana anakuja na barua na daftari la kumbukumbu za kila siku. Amekuja kwa mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyoita, wiki tatu au nne. Mimi nina mteja anayedai geti lake Ijumaa. Namwambia kijana ashike bomba, afagie vyuma, aende kununua rodi. Jioni anaandika kwenye daftari: "Leo nimejifunza kuchomelea geti." Siku ya mwisho ananiletea nisaini, nami nasaini. Nimesaini madaftari mengi namna hiyo, na najua wenzangu kwenye gereji, mahoteli na ofisi wanasaini vivyo hivyo. Hakuna aliyemnyanyasa kijana, lakini miezi miwili baadaye hakuna atakayeweza kutaja alichojifunza, hata yeye mwenyewe.

Mwaka jana akaja mwalimu wa uchomeleaji wa shule ya jirani, amepanda bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikajua ananiletea barua za fildi. Akasema, "Fundi, leo sikuja kuomba nafasi. Nimekuja kuomba kazi uliyonayo, tuisome pamoja na wanafunzi wangu."

Wakati huo nilikuwa na oda ya madawati 40 ya shule ya msingi, ya viti vya watoto watatu watatu, kwa madarasa ya chini. Tukakubaliana kwamba wanafunzi wake tisa wa kidato cha pili wachukue dawati hilo kama somo kwa muhula mmoja. Wangekwenda kwa mteja, wapime, wachore, wafanye makadirio, watengeneze manne ya mfano, na kamati ya shule ya msingi iyapokee au iyakatae. Yaliyobaki 36 tungetengeneza sisi tunaolipwa. Hilo la mwisho nililitaka mimi mwenyewe, maana najua jinsi ilivyo rahisi mtu kugeuza wanafunzi kuwa vibarua wa bure na kuita hayo mafunzo.

Nilidhani kupima kungechukua dakika kumi, kwani kiolezo changu cha dawati ninacho na nimekikatia miaka kumi na moja. Wao wakaenda darasa la pili na futi. Binti mmoja, mdogo kuliko wenzake wote, akapiga magoti sakafuni akaanza kuwapima watoto kutoka kwenye unyayo hadi nyuma ya goti. Mmoja baada ya mwingine, darasa zima. Akarudi na orodha. Wengi walikuwa kwenye sentimita 34 hadi 36. Kiti cha kiolezo changu kina sentimita 42.

Akaniuliza, "Fundi, mbona miguu yao inaning'inia?"

Sikuwa na la kujibu. Miaka kumi na moja nimewapelekea watoto wa miaka minane viti vya watu wazima, na hakuna mwalimu, mzazi wala ofisa aliyewahi kurudi kuniambia. Kiolezo kile nimekikata upya. Na mwalimu wa hisabati, aliyekuja mara moja kwa udadisi, alilibeba lile karatasi la magoti akalifundishia wastani wiki nzima.

Yakaja makadirio, au kotesheni kama tunavyosema mtaani. La kwanza walihesabu mabomba ya mraba na mbao peke yake. Nikawarudishia bila kusema kimekosekana nini, nikawaambia tu kwamba kwa bei hii nafunga karakana. La pili likaja na rodi, rangi na msasa. Nikarudisha tena. La tatu likaja na umeme na usafiri. Walipokuwa wananikabidhi, binti yule yule akauliza, "Na jasho letu tunaliandika wapi?" Nikakaa nao chini ya mwembe saa nzima tukizungumza ufundi unauzwaje, kwa nini anayejipunja leo kesho hana mtaji, na kwa nini anayemkamua mteja hapati oda ya pili. Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kunifundisha hayo, na yalinigharimu karakana yangu ya kwanza.

Katika kuchomelea, dawati la kwanza lilipinda. Walimaliza kona moja yote kabla ya kugusa nyingine, na chuma kilipopoa kikavuta. Ukiliweka sakafuni lilicheza kama ngalawa. Niliwaonyesha namna ya kuweka nukta kwanza, kona kwa kona, kwa kupishanisha, ukiangalia kwa guni, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, kila mara. Kijana mmoja alikuwa analijua guni kwa jina la kitabuni tu, sasa analo jina lake la kazini. Walilikata lile dawati wakalianza upya. Hawakugombezwa na wala hawakupunguziwa alama. Ila chuma kile kilikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa kwenye makadirio yao wenyewe.

Siku ya kukabidhi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi hakutoa hotuba. Aliita watoto watatu wakakaa, akainama akaangalia miguu. Ilifika chini. Kisha akakishika kiti akakitikisa kwa nguvu zake zote. Akapokea matatu akakataa moja, kwa sababu pembe ya mbao ilikuwa na ncha inayoweza kuchana sketi ya mtoto. Walilichukua wakalipiga msasa siku hiyo hiyo. Nawaambia kweli, nimeona mitihani mingi, lakini sijaona wanafunzi waliosimama kimya vile wakisubiri neno la mtu.

Hicho ndicho ninachokiita kusoma kwa mradi. Nasisitiza kwa sababu neno "mradi" katika shule zetu limechoka. Ukisema mradi wa shule, watu wanafikiria banda la kuku na bustani ya mchicha wa kuuza. Hivyo ni vitega uchumi, na vina nafasi yake. Lakini mwanafunzi anayemwagilia mchicha asiojua utauzwa kwa nani na kwa bei gani anafanya kazi ya mikono tu.

Tumeshaanguka hapo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kupanga na waone matunda ya uamuzi wao. Sisi tuliosoma miaka ya 1980 tunaikumbuka EK kama kipindi cha jembe, na mara nyingi kama adhabu ya waliochelewa. Miaka ya 1970 ikaja michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, na tulikuwa na shule za ufundi zenye jina: Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Iyunga, Musoma, Bwiru. Kwa maoni yangu kilichotudhoofisha zaidi ya mashine kuharibika ni kwamba waliokuwa wanahitaji mafundi hawakuwa na sauti yoyote ndani ya shule. Mashine ilipokufa, hakuna mwenye kiwanda aliyeuliza kwa nini, kwa sababu haikuwa inamhusu.

Watu wakitaka mfano mzuri hukimbilia Ujerumani, na wana haki, ila husimulia nusu. Husema kijana wa Ujerumani anakaa kazini siku tatu au nne kwa wiki na shuleni siku moja au mbili, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu, akiwa na mkataba na posho. Ni kweli. Nusu isiyosimuliwa ni kwamba kwa sheria yao ya mwaka 1969 mtihani wa mwisho husimamiwa na vyama vya wenye biashara na vyama vya mafundi, na kwenye jopo la watahini wanakaa wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, pamoja na mwalimu. Pia si kila bosi anaruhusiwa kufundisha. Lazima awepo mtu pale kazini aliyethibitishwa kwamba anaweza kumlea mwanagenzi. Hapa kwetu mimi napewa vijana kwa sababu tu nina mashine ya kuchomelea na bango barabarani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kufundisha, na kwa miaka mingi jibu la kweli lingekuwa sijui.

Hata Uingereza, katika masomo yao mapya ya ufundi yaliyoanza 2020 kwa vijana wa miaka 16 hadi 19, mwanafunzi hukaa kwa mwajiri takriban siku 45. Siku 45 zinatosha kumpa mtu kazi yenye mwanzo na mwisho. Wiki tatu zetu zinatosha kumjua muuza chai.

Kuna suala la gharama, na hapa nataka kuwa wazi kwa sababu wengi wanaogopa kulisema. Kumfundisha kijana kunapunguza kazi. Siku wale tisa walipokuwa kwangu sikutoa hata nusu ya kazi ya kawaida. Waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na sehemu yake huenda VETA. Ukiwaomba wapokee wanafunzi watakwambia wameshalipa, na siwezi kuwalaumu sana. Sisi wenye karakana za watu wanne au watano hatulipi tozo hiyo, lakini ndio tuliotapakaa kila kata, na ndiko vijana wengi watakakoishia. Naomba wanaopanga wafikirie kurudisha kiasi, hata kidogo, kwa karakana inayofundisha kweli na iliyokaguliwa. Sitaki pesa mkononi. Nataka ngao za uso, glavu, na bima ya wale watoto wanapokuwa kwangu. Wawili kati ya tisa walikuja siku ya kwanza wamevaa ndala. Cheche ya moto haijui kwamba huyu ni mwanafunzi. Viatu tuliazima kwa mafundi wangu, na siku hiyo mafundi wawili hawakufanya kazi.

Na kwa wakuu wa shule nina ombi moja ambalo halihitaji bajeti. Msitualike siku ya mahafali kukaa meza kuu. Tuiteni mwezi wa kwanza, mwalimu anapopanga muhula, mtuulize tuna kazi gani mkononi mwaka huu. Fundi cherehani ana sare za shule nzima. Mwenye mgahawa ana sherehe ya watu 200. Mkulima wa nyanya wa Mgeta anapoteza mzigo kila wiki kwa matenga mabovu. Kazi zipo, zinapita mbele ya geti la shule kila siku zimepakiwa kwenye guta.

Wale tisa sasa wako kidato cha tatu. Mwezi ujao wanakwenda zahanati ya hapa jirani kupima mteremko wa kupitishia viti vya magurudumu na vyuma vyake vya kushikia, kwa sababu uliopo ni mkali na wazee wanauogopa. Muuguzi mkuu aliwapangia Alhamisi, siku isiyo na watu. Binti wa magoti ameomba wabadilishiwe iwe Jumanne, siku ya kliniki, apate kuwaona wanavyopanda.