Duara naliona, kilengeo kinafifia: nivae miwani gani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 41, naishi Mafinga. Sioni mbali, miwani yangu ni -3.00 macho yote mawili. Nalenga shabaha ya mita 10 kwa bunduki ya hewa. Nikivaa miwani, duara jeusi naliona vizuri sana ila kilengeo cha mbele (kile cha kwenye ncha ya mtutu) kina ukungu, na tukifika katikati ya raundi macho yanauma. Mwenzangu mmoja ananishauri kontakti lenzi, mwingine anasema nikafanyiwe leza yaishe. Nifuate lipi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Wenzako wote wawili wanatibu ugonjwa ambao huna. Kutoona mbali kwako kulisharekebishwa. Kwa mchezo huu kumerekebishwa kupita mahitaji.

Jicho haliwezi kuona wazi umbali mbili kwa wakati mmoja. Kilengeo cha mbele kiko kama mita 1 kutoka jichoni, karatasi iko mita 10. Wazoefu huacha duara lififie kidogo ili kilengeo kibaki kikali. Miwani yako imepimwa kwa ajili ya mbali kabisa, kwa hiyo kila risasi jicho linajikaza kukitafuta kilengeo. Kijana wa miaka 20 asingelihisi hilo. Kwa umri wako lenzi ya ndani ya jicho imeanza kukakamaa, na raundi ya risasi 60 ni saa nzima na zaidi.

Tengeneza miwani ya pili, ya shabaha tu, yenye -2.50. Hiyo 0.50 iliyopungua inasogeza uono wako hadi kama mita 2, na hapo kilengeo na duara vinagawana ukungu kwa kiasi kinachovumilika. Tundu dogo la kilengeo cha nyuma linasaidia pia, ila usilibane mpaka giza liingie. Kwa bastola, mara nyingi tunapunguza 0.75.

Siku ya kupima, bunduki iache nyumbani. Walinzi wa hospitali hawatakuelewa. Njoo na kipimo: bunduki ikiwa tupu, kaa mkao wako wa kulenga, mtu akupimie kwa futi kamba kutoka jichoni hadi kilengeo cha mbele. Kliniki tutasimamisha kalamu kwenye umbali huohuo, nyuma yake ubao wa herufi, kisha tubadilishe vioo kwa hatua za 0.25 hadi ncha ya kalamu ikae kali bila wewe kujikaza.

Fremu nayo ina maneno. Ukiinamisha kichwa kwenye kitako cha bunduki, unachungulia kwenye kona ya juu ya kioo, upande wa pua, na huko namba haifanyi kazi sawasawa. Kioo kinatakiwa kikabili jicho moja kwa moja, katikati. Fremu za walenga shabaha zina kishikio cha kugeuza kioo. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, zinaruhusu pia lenzi kufungwa kwenye kilengeo cha nyuma cha bunduki. Kwenye bastola hairuhusiwi, unaivaa usoni.

Kontakti lenzi zina uzuri wake: zinafuata jicho popote linapogeuka, na baridi ya Juni hapo Mafinga haizipigi ukungu. Lakini mlenga shabaha hapepesi, na kwenye upepo na vumbi la kiangazi lenzi hukauka, kilengeo kikapotea dakika ileile unayokihitaji. Usizioshe kwa maji ya bomba hata siku moja. Na bado utavaa miwani ya kinga juu yake. Hiyo ndiyo unaweza kuiwekea +0.50, ili jumla irudi kwenye ileile -2.50.

Leza ningeiacha. Itaondoa -3.00, lakini tatizo la kilengeo litabaki palepale, na utapoteza faida uliyonayo sasa ya kuvua miwani na kusoma simu bila shida.

Jicho lisilolenga usilifumbe kwa nguvu. Liwekee kizibo cheupe kinachopitisha mwanga, kisichozidi upana wa milimita 30. Na hiyo miwani ya -2.50 usiivae ukiendesha gari kushuka mlima Kitonga usiku.