Kumtaja mtunzi si kuomba ruhusa

Swali: Naimba jazi kwenye mahoteli hapa Dar es Salaam. Nataka kurekodi albamu ya nyimbo kumi za pop za zamani kutoka Marekani, taratibu, kwa piano na besi tu. Mmoja wao, "Walk On By", ningependa nusu yake niiimbe kwa Kiswahili. Prodyuza wangu anasema nyimbo zilizopita miaka 50 hazina mwenyewe tena, nikitaja majina ya watunzi inatosha. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, dada yangu, na hiyo miaka 50 nimeisikia mpaka imenichosha. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haianzi kuhesabu siku wimbo ulipotoka. Inahesabu tangu mtunzi alipofariki, na watunzi wakiwa wawili, tangu alipofariki wa mwisho. Wimbo wako aliuimba Dionne Warwick mwaka 1964, lakini muziki ni wa Burt Bacharach na maneno ni ya Hal David. David alifariki 2012, Bacharach akafuata 2023. Ongeza 50: mpaka mwisho wa 2073 wimbo huo una mwenyewe. Huko kwao Marekani, wimbo wa 1964 unalindwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2059.

Kwa kuwa unaimba upya na wapigaji wako, kampuni iliyotoa rekodi ya zamani haikuhusu. Unaowahitaji ni wenye utunzi. Kwa nakala utakazouza Marekani sheria yao imerahisisha: wimbo ukishatolewa kwa idhini ya mwenyewe, yeyote anaweza kuurekodi upya kwa kufuata utaratibu na kulipa; hiyo ndiyo leseni ya kurekodi. Kiwango cha 2025 kilikuwa senti 12.7 za dola kwa kila CD au nakala ya kupakua, na wimbo ukizidi dakika tano kinapanda, jambo ambalo waimbaji wa jazi husahau. Kwa nakala utakazouza hapa nyumbani, ruhusa inatoka kwa mwenye wimbo au wakala wake. Anza kwa kuuliza COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, nani anamwakilisha.

Sasa Kiswahili chako. Leseni ile ya Marekani inakuruhusu kuupanga wimbo ufuate mtindo wako, ila si kugeuza mahadhi yake ya msingi. Isaac Hayes aliurefusha huohuo mwaka 1969 ukapita dakika 12, na bado ukabaki wa Bacharach na David. Kutafsiri maneno ni jambo jingine kabisa: unahitaji idhini ya maandishi ya mchapishaji wa muziki, yaani kampuni inayosimamia haki za utunzi. Mwandikie kabla hujalipia studio, umwekee na tafsiri yenyewe aisome. Asipojibu, uimbe kwa Kiingereza. Video nayo ina ruhusa yake, haimo ndani ya leseni ya kurekodi.

Kinachoniuma ni watu wanaoishi kwa kuuza njia za mkato. Mmoja atakwambia badilisha kidogo tu, wimbo utakuwa wako. Mwingine atakwambia andika chini ya video kwamba hudai haki yoyote, kana kwamba kukiri kuwa mali si yako ndiko kunakokupa ruhusa ya kuichukua. Wabaya zaidi wanauza vyeti. Mwimbaji mmoja aliniletea karatasi yenye mhuri wa bluu na orodha ya nyimbo nane, ameilipia kwa akiba ya miezi. Nikasoma safu ya "mtunzi": kila mstari una jina la mwimbaji aliyeupa wimbo umaarufu, si la aliyeutunga. Aliyeiandika hakujua hata nani wa kuombwa, na albamu ilikuwa imeshatoka.

Kwa hiyo anayekuuzia leseni muulize kwanza mchapishaji wa kila wimbo ni nani, na akuonyeshe barua ya mchapishaji huyo. Akianza kukuonyesha mhuri, chukua mkoba wako uondoke.