Miaka yote Dar, nimeanza kuiona juzi tu

Mkuu umeuliza hivi: umekaa Dar miaka kumi na moja, wakwe wanakuja kutoka Songea mwezi ujao, na kila ukiwaza pa kuwapeleka unaishia kwenye maduka makubwa na ufukweni. Walionitangulia wamekutajia visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Siwapingi, maji ya Mbudya ni mazuri. Ila baba mkwe kumpandisha boti huku kakunja suruali na viatu kavishika mkononi, hilo lifikirie mara mbili.

Mimi nimezaliwa Magomeni na nimesomea hapa hapa. Makumbusho ya Taifa nilienda mara moja nikiwa darasa la tano, na ninachokumbuka siku ile ni ugomvi wa soda kwenye basi. Baada ya hapo, kimya mpaka nikagonga miaka thelathini na nane. Sisi wenyeji ndivyo tulivyo. Mji unatuzoea, nasi tunauzoea, mpaka unageuka kuwa majina ya vituo tu. Konda anapiga kelele "Makumbusho, Makumbusho!" na wewe unawaza stendi, vumbi na foleni. Ni wangapi wanaoshuka pale kila siku wanajua kwamba jina hilo linatokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichopo hapo hapo kando ya barabara ya Bagamoyo tangu 1966? Mle ndani kuna nyumba zilizojengwa kama zilivyojengwa makwao: msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, na nyingine nyingi. Wakwe zako wapeleke pale, kisha wewe nyamaza. Wazee wakiingia kwenye nyumba za namna ile, wao ndio wanakuwa waongozaji, na utasikia mambo ambayo hata mkeo hajawahi kuyasikia.

Lakini ningekuwa wewe nisingeikosa Posta, pale kwenye sanamu ya askari.

Nieleze kwa nini. Miaka mitatu iliyopita mpwa wangu alikuja likizo, ana miaka tisa, mtoto wa maswali. Tunavuka Samora, akasimama katikati ya watu. "Mjomba, yule askari anamlenga nani?" Nikamjibu bila hata kugeuka: hakuna anayemlenga, ni sanamu ya uhuru. Pembeni alikuwepo mzee mmoja anauza magazeti. Hakutuangalia, ila nilimsikia akiguna. Nikajua nimeharibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Uhuru gani huo unaomfundisha mtoto? Hiyo ni Bismini. Hiyo ni vita vya Mjerumani."

Bismini! Jina hilo nilikuwa nalisikia kwa marehemu babu ("tukutane Bismini saa nne") na siku zote nilidhani ni duka la Mhindi. Basi kesho yake nikarudi peke yangu, nikazunguka ile sanamu taratibu, nikasoma maandishi ya chini. Jaribu siku moja. Watu watakuangalia kama umepotelewa na hela.

Kisa chenyewe ni kirefu, nakikata. Hapo hapo, wakati wa Mjerumani, ilisimama sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa na Wajerumani kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri, ambaye walimnyonga Pangani mwaka 1889. Nadhani "Bismini" ni "Wissmann" aliyepita kwenye ndimi za wazee wetu. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakaing'oa, ikapelekwa London, baadaye ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Mahali pake Waingereza waliweka huyu askari wa shaba mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Bunduki yake yenye singe imeelekea bandarini. Kwa hiyo jibu la swali la mpwa wangu lilikuwa hilo: hamlengi mtu, ameelekea baharini, alikotokea kila aliyekuja kuutawala mji huu. Hilo la mwisho nimeliongeza mimi, usilitafute kwenye kibao.

Kilichonikamata ni maandishi. Yapo kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu. Hayawataji askari peke yao. Yanawataja pia wapagazi, yanasema wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ukiwa umesimama hapo, tembea dakika ishirini na tano kuelekea magharibi, upite Mnazi Mmoja, uingie sokoni. Unaingia wapi? Kariakoo. Na Kariakoo ni nini? Ni *Carrier Corps*, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza, ambao kambi yao ilikuwa pale. Waingereza walikiita vile, wazee wakakiita kariakoo, na jina likabaki.

Aisee, mimi nimenunua viatu Kariakoo maisha yangu yote. Nimeibiwa simu Kariakoo. Sikuwahi kujua kwamba kila nikisema "naenda Kariakoo" nawataja watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyo yao, wakafa maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Askari wana sanamu Posta. Baadhi ya wanajeshi waliokufa vita hiyo wana makaburi yao yaliyotunzwa vizuri kwenye njia ya kwenda Mwenge, majani yamekatwa, mawe yamepangwa mstari. Wapagazi wengi hawana kaburi lenye jina. Wana soko. Na hapo kuna jambo jingine ambalo hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja: Waafrika wengi wa nchi hii katika vita ile walipigana upande wa Mjerumani, na sanamu ikawekwa na aliyeshinda. Babu zetu walikuwa pande zote mbili za singe.

Kwa hiyo matembezi yangu ninayoyapenda ni hayo: sanamu mpaka soko, kwa miguu. Mnazi Mmoja usiupite haraka. Ule uwanja haukuachwa wazi kwa ajili ya upepo tu. Wakoloni waliugawa mji, Uzunguni kule ufukweni, Uhindini katikati, na Waafrika huku Kariakoo na Ilala, na eneo lile la wazi likawa mpaka. Leo watu wamelala pale chini ya miti mchana wa jua kali, wanakula miwa. Ukifika sokoni, nyanyua macho uangalie paa la jengo lenyewe la soko. Lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, likafunguliwa miaka ya 1970. Lile paa linafanana na miamvuli iliyogeuzwa juu chini, na halikuwekwa kwa urembo. Lilikusudiwa kukinga maji ya mvua na kupitisha hewa. Lilipoungua Julai 2021 nilisimama mtaa wa pili nikitazama moshi, na wakati huo nilikuwa bado sijui hata nani alilichora. Soko likiungua ndiyo tunauliza nani alijenga.

Haya mengine nayapitia mbio. Azania Front na Mtakatifu Yosefu, yale makanisa mawili ya ufukweni ya enzi ya Mjerumani, ni mazuri kuyaangalia, na wakwe kama ni Wakatoliki wapeleke misa ya Jumapili Mtakatifu Yosefu, hutahitaji maelezo. Bustani ya mimea, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, ina kivuli na viti, na ukiwa na wazee kiti ni kivutio tosha. Makumbusho ya Taifa yapo jirani, mtaa wa Shaaban Robert. Pale lipo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, lina umri wa miaka takriban milioni moja na laki saba na nusu. Mpwa wangu aliliangalia akasema, "Meno yake makubwa, mjomba, alikuwa anakula nini?" Hapo tena nikakwama. Pia kuna mabaki ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 1998. Hapo sikuhitaji maelezo ya mtu. Siku ile nilikuwa nyumbani Magomeni na vioo vilitikisika.

Tahadhari moja. Ukipita maeneo ya Magogoni kuelekea Ikulu, weka simu mfukoni. Mimi nilipiga picha ya jengo moja la zamani, sitalitaja, nikidhani ni ghala tu. Mlinzi akanifuata, tukafuta picha pamoja moja baada ya nyingine, pamoja na za harusi ya dada yangu zilizokuwa kabla yake. Alikuwa mpole, lakini alikuwa na muda. Magogoni ziangalie tausi kwa mbali, kisha shuka Feri.

Sasa Kunduchi, maana hapo ndipo nilipoaibika. Kuna magofu kule: msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yale ambayo watu wa pwani walikuwa wakiyapamba kwa sahani na bakuli za Kichina. Nikamwambia bodaboda, "Nipeleke kwenye magofu." Akanikubalia haraka mno, nikapaswa kushtuka. Tukaenda, tukaenda, akanishusha mbele ya pagale, ghorofa mbili, mwenye nyumba kaishiwa saruji. "Magofu si haya, kaka?" Nilipomweleza kwamba natafuta ya miaka mia kadhaa, akaita wenzake wawili. Wakajadiliana. Mmoja akasema anajua makaburi, ila si magofu. Tukaenda kwenye makaburi. Yalikuwa ndiyo yenyewe.

Majani yalikuwa marefu na hakukuwa na mtu mwingine. Nguzo za mawe ya matumbawe zimesimama kwenye makaburi, na kwenye nyingine unaona vishimo vya duara ambako bakuli ziling'olewa. Nilikaa hapo karibu saa nzima. Yule kijana wa bodaboda hakuondoka. Alizunguka nguzo akigusa vile vishimo kwa kidole. Akaniuliza sahani zenyewe zilitoka China kwa njia gani. Nikamwambia kwa jahazi, kwa biashara, kwa upepo wa kaskazi. Akatikisa kichwa. "Na mimi nimekulia hapo nyuma tu."

Sikumcheka, ningemchekaje?

Kwa wakwe, basi, ningepanga hivi: siku ya kwanza, Jumamosi asubuhi mapema, mwendokasi mpaka Kivukoni, bustani, makumbusho, halafu sanamu. Jua likiwa kali mkae mahali mle wali na samaki. Kariakoo kwa miguu nenda tu kama magoti ya baba mkwe yanaruhusu, na usiende mchana wa Desemba, utamuua mzee wa watu. Siku ya pili, Kijiji cha Makumbusho. Kunduchi peleka vijana. Viingilio vya Mtanzania ni vidogo ukilinganisha na vya mgeni, ila mbebe vitambulisho.

Na jioni ya mwisho wavushe Kigamboni kwa pantoni, siyo kwa daraja. Daraja ni zuri, limefunguliwa 2016, lakini kutoka juu yake huuoni mji unavyokuja. Kwenye pantoni kaeni upande wa kushoto wakati wa kurudi. Mpwa wangu alihesabu minara ya makanisa, akahesabu meli, halafu akaniuliza kama yule askari wa Bismini anatuona kutoka kule. Nilimwambia maghorofa yamemziba. Akasema basi waibomoe moja.