Dagaa Tupu, Ndoo Tupu

SWALI: Ndugu Mhariri, katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nilimsikia mchuuzi akisema, "Leo ni dagaa tupu," na mwenzake akalalamika kwamba ndoo yake ni tupu. Inakuwaje neno moja lieleze wingi na ukosefu? — Msomaji, Mwanza.

JIBU: Tofauti hiyo ni ya juu juu tu, kwa kuwa "-tupu" hueleza kitu kilichokosa kile kinachotarajiwa kuwamo au kuambatana nacho. Mtumbwi uliorudi mtupu umekosa samaki. Ugali mtupu umekosa mboga, ingawa sahani imejaa. Uongo mtupu haukuchanganyika na chembe ya ukweli. Na dagaa tupu ni dagaa wasiochanganyika na sangara wala sato. Nomino inayotangulia ndiyo inayoamua maana, nayo huleta upatanisho wake: kikapu kitupu, mikono mitupu, maji matupu, lakini debe tupu, kama lile la methali ambalo haliachi kuvuma.

Uangalifu mkubwa zaidi unahitajika kwa watu, maana anayeandika kwamba "ukumbini walikuwamo wanaume watupu", akikusudia kuwa hapakuwa na mwanamke, anaweza kueleweka kwamba walikuwa uchi (nami nimekwisha kusahihisha sentensi ya namna hiyo). Heri aandike "wanaume pekee". Vivyo hivyo "utupu" kwa wengi ni uchi; katika fizikia nafasi isiyo na hewa huitwa ombwe.